Aliyenyamaza Amekubali

Watu wa mtaa wa Kimanga, mjini Uvira, walimjua Florentine kama mama wa sekretaria, yule mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi kando ya barabara kuu. Ukitaka barua ya kuomba kazi, mwaliko wa harusi au tangazo la msiba, ulikwenda kwake. Wasichokijua, na ambacho yeye hakupata namna ya kuwaeleza, ni kwamba kwenye kompyuta ileile aliyochapia mialiko, Florentine alikuwa akilea kitu kilichotumiwa na manesi wa nchi nyingi asizowahi kuzikanyaga.

Kitu hicho kiliitwa Kioo. Kilikuwa sehemu ya kazi kubwa zaidi iliyoitwa Tunza, programu ya kuandikisha wagonjwa katika vituo vya afya. Tunza ilikuwa programu huria: haikuwa na mwenyewe, maandishi yake ya ndani yalikuwa wazi, na aliyeweza aliyasoma, akayarekebisha, akarudisha alichorekebisha ili wengine nao wafaidi. Huko ndani kila mtu alikuwa na shamba lake. Wengine walishughulikia dawa, wengine chanjo, wengine ripoti za mwezi. Kioo ndicho kilichokuwa sura ya vyote hivyo: vifungo, madirisha, visanduku vya kuandikia, orodha za kuchagulia, kila ambacho jicho la nesi linakiona na kidole chake kinakibonyeza. Na mlezi wa Kioo, anayeamua nini kiingie na nini kikataliwe, alikuwa Florentine.

Aliingia humo kwa hasira. Miaka ya nyuma alikuwa ameitwa Bwegera, kule bondeni Ruzizi, kusaidia kuingiza majina ya wagonjwa kwenye programu hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa mpya. Akamkuta nesi mmoja, Agathe, amegoma kugusa kifungo fulani. Kifungo kiliandikwa "Ondoa mgonjwa".

"Minye siwezi kuondoa muntu," Agathe alisema. "Akifutika, nitamutoa wapi tena?"

Florentine akachunguza. Maneno kamili yalikuwa "Ondoa mgonjwa kwenye foleni", ila kifungo kilipimwa kwa maneno mafupi ya Kizungu, na Kiswahili chetu kirefu kikakatwa katikati. Akaandika malalamiko. Hakuna aliyeshughulika. Basi majira yote ya mvua yaliyofuata, kila mara kibanda kilipokosa wateja, alisoma masomo ya bure ya mtandaoni, akajaribu, akakosea, mpaka akapata mahali penyewe ambapo upana wa kifungo uliamuliwa. Akatuma kiraka chake, yaani marekebisho hayo madogo. Kikapokelewa. Siku Agathe alipoona maneno yote yametimia kwenye kifungo, alikibonyeza, akasema tu, "Sasa ndiyo inasema ukweli."

Kiraka kikazaa kiraka. Mwishowe mlezi wa zamani, mzee wa nchi ya mbali ambaye Florentine hakuwahi kumwona hata kwa picha, aliandika kwamba macho yake yamechoka, akamkabidhi funguo.

Kulea Kioo kulikuwa kama kulisimamia jiko la matangani: kila mtu anakuja na kuni zake, na wengine wanaleta mbichi. Alisoma viraka vya watu, akavirudisha kwa maneno ya upole, akaamua ugomvi wa watu wazima juu ya kona ya kifungo, iwe kali au iwe ya mviringo. Jambo moja hakulilegeza kamwe. Kioo lazima kifunguke kwenye kompyuta kuukuu, zile za msaada zilizotapakaa bondeni, zinazokula umeme wa paneli ndogo ya jua na zisizojua rezo, yaani mtandao wa intaneti, ni nini. Vijana wa miji mikubwa walileta vivuli, rangi zinazoyeyuka, madirisha yanayoteleza. Aliyakataa. Wakamwita mgumu, naye hakujali.

Thierry alimjia kibandani akiwa mwanafunzi, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Luberizi, amekuja kutoa fotokopi ya masomo ya wenzake. Akaona kwenye kompyuta maandishi yasiyokuwa barua. Akauliza. Alivyouliza, Florentine akaacha kazi, akavuta kiti cha pili.

Viraka vya kwanza vya Thierry vilikuwa vibovu, na wakubwa wa Tunza walitaka vitupwe bila maelezo. Florentine ndiye aliyemtetea. Aliketi naye, mstari kwa mstari, wakati mwingine wakila ndagala na bugali hapohapo kibandani, mikono ikipanguswa kabla ya kurudi kwenye vibonyezo. Mumewe, Bonaventure, mwalimu wa historia, alimzoea kijana huyo hata akawa anamtengea sehemu yake mezani. Kazi ya Thierry ilipokomaa, Florentine alimpa funguo za pili za Kioo, akiwaambia wenzake wa mbali kwamba lolote likimpata yeye, huyu atajua la kufanya. Kisha Thierry akapata kazi Nairobi, katika shirika lililokuwa linaifadhili Tunza. Siku ya kumuaga walichinja kuku. Florentine alilia kidogo, kwa furaha.

Halafu kikaja kipindi kile kibaya. Milio ya risasi ilisikika kutoka milimani, ikashuka, ikakaribia. Watu wakajifungia. Rezo ikakatika, ya simu pia, kwanza kwa amri, kama walivyosema wengine, halafu kwa sababu mafundi wa antena walikuwa wamekimbilia ng'ambo. Wakati wa kawaida, rezo ya Uvira ikilala, Florentine angekwenda Kavimvira kwenye mpaka, akaiba mawimbi ya Burundi kwa kadi yake ya pili. Safari hii barabara ya Kavimvira haikupitika. Kibanda kilifungwa. Alikaa nyumbani na Bonaventure na binti yao Divine, wakipika bila kuinua moshi mwingi, wakisikiliza geti. Majuma yakapita. Wala Kioo hakikumjia akilini. Katika siku kama zile mtu hakumbuki vifungo.

Rezo iliporudi, alifungua kibanda, akafuta vumbi, akawasha kompyuta. Ujumbe ulishuka kama mvua. Kati yake ulikuwamo mjadala wenye kichwa kifupi: Kukiondoa Kioo ndani ya Tunza.

Aliyeuanzisha alikuwa Thierry, siku ya pili baada ya rezo ya Uvira kukatika.

Hoja zake zilipangwa vizuri. Florentine aliutambua mpango wa hoja hizo, maana ni yeye aliyemfundisha. Watengenezaji wapya wanapenda sura za mtandaoni, zinazofunguka ndani ya kivinjari, na yeye ameshaitengeneza moja. Wafadhili wanataka vishikwambi vya kisasa. Kioo kina mlezi mmoja tu, na mradi mkubwa hauwezi kuegemea bega la mtu mmoja. Watu wakachangia, wengi wakakubali. Katikati mtu mmoja aliuliza: Florentine amesema nini? Thierry akajibu: Ameandikiwa. Bado hajajibu. Muda ukaisha, mjadala ukafungwa, na Kioo kikatolewa. Chini kabisa watu walikuwa wameweka mioyo myekundu na maneno ya shukrani kwa kazi yake kubwa.

Alisoma akiwa amesimama. Mteja aliyekuwa na kitambulisho mkononi akakohoa. Florentine akakipokea, akakitoa fotokopi pande zote mbili, akakirudisha. Mteja alipoondoka, akapiga simu Nairobi.

"Mama Florentine," Thierry aliitika haraka. "Namushukuru Mungu. Tulisikia habari za Uvira, hatukulala."

"Mulisikia?"

"Ndiyo, Mama. Zilikuwa kila mahali."

"Basi ulijua kama rezo haiko."

Nyuma ya Thierry, Florentine alisikia watu wa ofisi wakicheka jambo lao.

"Nilijua iko na shida," Thierry alisema. "Sikujua itakawia vile."

"Bakakuuliza Florentine amesema nini. Ukajibu ameandikiwa."

"Uliandikiwa kweli, Mama."

"Uliniandikia mahali ulijua siwezi kusoma. Sasa minye nakuuliza, Thierry. Kama ningekuwa Nairobi, ungeleta ile maneno siku ile?"

"Shirika lilikuwa na tarehe yake," akasema. "Haikuwa tarehe yangu. Na kanuni iko, Mama. Aliyenyamaza amekubali. Si minye niliiandika. Ni weye. Na Papa Firmin ulimwambia nini? Nilikuwa nimekaa kando yako siku ile."

Hapo Florentine alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Alilolisema Thierry lilikuwa kweli. Florentine alipokabidhiwa Kioo, alikuta mapendekezo yamelala bila kujibiwa, kila mtu akimngoja mwenzake aseme kwanza. Yalimchosha. Ndipo akaandika kanuni: pendekezo likiwekwa na muda uliotajwa ukaisha, aliyenyamaza amekubali. Tunza nzima ikaipenda, ikaichukua, na mambo yakaanza kwenda. Wa kwanza kupitiwa na panga lile alikuwa Firmin, mtu wa Kalemie, kusini mwa ziwa hilihili linaloigusa Uvira, aliyekuwa akilea sehemu ya kuchapisha karatasi. Florentine alitaka sehemu hiyo ivunjwe na kujengwa upya ndani ya Kioo. Akaweka pendekezo. Firmin hakusema kitu. Muda ukaisha, kazi ya Firmin ikavunjwa. Aliporudi aliandika mstari mmoja tu, kwamba alikuwa kwenye matanga ya mama yake, kijijini kusikokuwa na rezo. Florentine alimjibu: Pole sana, lakini kanuni ni kanuni. Kisha akamgeukia Thierry kwenye kiti cha pili na kumwambia, kama mwalimu anayefunga somo, kwamba mradi hauwezi kusimama kwa sababu ya mtu mmoja. Firmin hakuonekana tena.

Jioni hiyo alimsimulia Bonaventure yote, na la Firmin pia. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema polepole.

Hakulisema kwa kumcheka. Hata hivyo Florentine aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo Divine alikuwa ameshaviosha.

Kesho yake aliandika malalamiko marefu, akayafuta. Akaandika mafupi. Alisema kwamba sura mpya inadai rezo ili ipakuliwe, na bondeni Ruzizi hakuna rezo. Kwamba inadai kompyuta yenye nguvu, na zilizoko bondeni zinahema zikiwashwa tu. Kwamba yeye hakunyamaza, alinyamazishwa. Aliomba mjadala ufunguliwe upya. Akajibiwa kwa heshima nyingi. Waliomuunga mkono walikuwa wachache, na kanuni ilidai zaidi. Thierry hakuandika neno. Mwishoni mwa majibu yao waliahidi kuliweka jina lake katika ukurasa wa heshima, kisha wakamuuliza kama angekubali kuwaandikia manesi mwongozo wa kuhama kutoka Kioo kwenda sura mpya, kwa kuwa hakuna anayekijua Kioo kuliko yeye.

Florentine alicheka peke yake kibandani, kicheko kibaya.

Katika juma hilo aliitafuta anwani ya zamani ya Firmin, akamwandikia. Hakujitetea. Alimwambia kwamba angepaswa kumuuliza yuko wapi kabla ya kuvunja kazi yake, na kwamba siku ile alimjibu kama mtu asiye na mama. Hakujibiwa. Hakujua kama anwani ilikuwa imekufa, au Firmin ameusoma ujumbe akaufunga. Kila asubuhi alitazama, na hakujipa ruhusa ya kukiita kimya kile msamaha.

Mwongozo alikuwa ameapa hatauandika. Bonaventure ndiye aliyemgeuza, tena bila kusisitiza.

"Mama Divine," alimwambia wakiwa wanachambua maharagwe, "Thierry alikukosea. Manesi balikukosea nini?"

Akauandika. Na ubaya ni kwamba hakuweza kuuandika vibaya. Mkono wake haukujua kufanya kazi ya ovyo. Aliweka picha ya sura ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, akaeleza kila kifungo kimehamia wapi, kipi kimekufa, kipi kimebadilika jina. Aliandika jinsi ya kuyahamisha majina ya wagonjwa bila kupoteza hata moja. Alipoutuma, Thierry aliandika mbele ya watu wote: Aksanti sana, Mama, kazi safi. Watu wakaweka mioyo. Siku ileile ukurasa wa Kioo ulifungwa. Mtu aliweza kukisoma, lakini hakuna aliyeweza kukigusa tena, hata Florentine. Alijaribu funguo zake mara moja, ili aone kwa macho yake. Zilikataa.

Vituo vya bondeni havikuwa na hiari ya kubaki na Tunza ya zamani, maana wakubwa wa afya waliacha kupokea ripoti zake. Agathe akapiga simu kutoka Bwegera. Alikuwa na mwongozo, ameusoma wote, lakini mashini inamshinda. Florentine akapanda gari la kwenda bondeni, sura mpya ameibeba kwenye flash ndani ya mkoba. Walipita Sange, wakapita mashamba ya mpunga ya Luberizi, ambako ng'ombe walikuwa wamevamia barabara na dereva akawapigia honi mpaka koo la honi likakauka. Florentine alitazama upande mwingine.

Kituo kilikuwa kimejaa akina mama na watoto. Agathe sasa alikuwa na mvi, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Walisalimiana kwa mikono miwili. Kompyuta ilikuwa ileile, imefunikwa kitenge ili isile vumbi. Florentine akaketi, akaweka sura mpya kwa utaratibu ule alioueleza yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu.

Ikafunguka nyeupe. Ikabaki nyeupe. Feni ya kompyuta ilianza kulia. Baada ya kitambo kikatokea kifungo kimoja, kisha nusu ya orodha, kisha vyote vikaganda. Florentine akazima, akawasha, akapunguza hiki na kile, akajaribu njia ambazo hazikuwamo kwenye mwongozo wowote. Betri ya paneli ikaanza kutoa mlio wa kuishiwa. Mtoto mmoja kwenye benchi alikuwa akikohoa kikohozi kikavu, mama yake akimbadilisha bega.

"Iache," Agathe alisema.

"Ngoja kidogo."

"Florentine. Bagonjwa bako bananingoja."

Akauondoa mkono wake kwenye vibonyezo.

Agathe akakirudisha kitenge juu ya kompyuta, akakivuta pembe zote nne kama anayetandika kitanda. Akatoa kabatini daftari kubwa na rula. Karatasi ilikuwa pana kuliko mkono wake mmoja, basi Florentine akashika upande wa pili wa rula, wakachora mistari pamoja: jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Vichwa vya safu aliviandika Florentine, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri.

"Hii mupya," Agathe aliuliza, kichwa kimeinama kwenye rula, "nani aliitengeneza? Bazungu?"

"Hapana. Mwana wa Luberizi."

"Hii Luberizi yetu?"

"Hii hii."

Agathe aliinua macho juu ya miwani.

"Basi anazijua mashini zetu."

"Anazijua," Florentine alisema.

Agathe alipuliza vumbi la penseli kwenye karatasi, akamwita yule mama wa mtoto mwenye kikohozi, akamuuliza jina, akaanza kuandika.